Mkebe wa Tano

Mwalimu wetu wa darasa la saba aliwaweka watu kwenye mikebe ya majani ya chai. Nasema watu, si masomo. Masomo aliyaweka pia, na hilo shule nzima ililijua. Lakini jikoni kwake, kwenye rafu iliyofichwa na pazia la maua, palikuwa na mikebe mingine mitano, na ndani yake kadi zenye majina yetu: wanafunzi, majirani, wauza samaki, fundi wa viatu, mjane wa nyumba ya pili. Jina la Adhiambo lilikuwa kwenye mkebe wa kwanza. Jina langu lilikuwa kwenye mkebe wa tano. Nimefanya kazi na watu walionizidi kwa mengi, na sijamwonea hata mmoja wao wivu kama niliomwonea Adhiambo kwa ajili ya mkebe ule.

Ili jambo hilo lieleweke, itabidi nianze na mikebe yenyewe.

Asili ya Mwalimu siijui na sikuwahi kuiuliza. Nilimkuta tayari mama mtu mzima, mrefu, mwembamba, mwavuli mweusi kwapani, akifundisha kwenye shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumba za watu wa reli hapo Kisumu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini. Baba yangu alikuwa ametoka Mkoa wa Kati akafungua duka la sabuni, chumvi na mafuta ya taa jirani na soko. Nyumbani tulisema Kikuyu, wenzangu darasani walisema Kijaluo, na Kiswahili kilikuwa daraja la katikati, daraja lenye mbao kadhaa zilizong'oka. Mwalimu alikisema taratibu, kwa mapigo ya watu wa ziwani, kama mtu anayepanga vyombo.

Siku ya kwanza alipoingia darasa la sita hakutuandikia kitu ubaoni. Alipanga mikebe mitano dirishani, akaigonga mmoja mmoja kwa ncha ya mwavuli.

"Nani hapa nyumbani kwao wanakausha samaki kwa moshi?"

Mikono mingi ikainuka. Mimi sikuinua. Kwetu tulikula samaki Ijumaa moja moja, na baba alilalamika miiba.

"Otieno. Samaki akishatoka motoni siku ya kwanza, amekwisha?"

"Bado, Mwalimu. Anarudishwa."

"Lini?"

"Kesho yake."

"Halafu kila siku?"

Otieno akacheka. "Kila siku atakuwa kuni, Mwalimu!"

"Na ukimwacha kabisa?"

"Funza!" darasa zima likaitika.

"Basi mama yako anajuaje siku ya kumrudisha?"

Otieno alifikiri. "Anamminya. Akianza kulegea, anarudi kwa moto. Halafu mara ya pili anakaa zaidi. Ya tatu, zaidi tena."

"Mmesikia," alisema Mwalimu. "Somo ni samaki. Mrudishe motoni anapoanza kulegea. Si kabla, si baada."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, na alitumia miaka miwili kututia hiyo kichwani. Kila jambo la kukumbukwa liliandikwa kwenye kadi: swali mbele, jibu nyuma. Kadi mpya iliingia mkebe wa kwanza na kuulizwa kila asubuhi. Ukiipata, ilihamia mkebe wa pili, uliofunguliwa kila baada ya siku ya soko. Mkebe wa tatu ulifunguliwa mwisho wa mwezi, watu wa reli walipopokea mshahara. Wa nne ulingoja kufungwa kwa shule. Wa tano ulifunguliwa mara moja kwa mwaka, masika yalipoanza. Na ukikosa jibu mahali popote, hata kwenye mkebe wa tano, kadi yako ilirudi mkebe wa kwanza, na kesho asubuhi ungeiona tena.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: usigeuze kadi kabla hujajaribu kujibu. "Ukigeuza kwanza, umejiibia," alisema. Ya pili: jibu lisemwe kwa sauti. Mtoto aliyetikisa kichwa na kusema "nilikuwa najua, Mwalimu" alisogezewa sikio. "Jibu la kimya halihesabiwi. Hata kuku ananyamaza."

Kadi zenyewe zilitoka dukani kwetu. Nilibeba makatoni ya sabuni kila Jumatatu, na Mwalimu aliyakata kwa mkasi wa kushonea. Kwa muda mrefu kadi za darasa letu zilinukia sabuni ya kipande. Naandika hili kwa sababu lilinikera baadaye: kila dakika Adhiambo aliyoketi na Mwalimu aliketi juu ya makatoni ya baba yangu.

Mwalimu Mkuu hakuipenda mikebe. Yeye aliamini kuimba. Madarasa mengine yote yaliimba jedwali la kuzidisha na mito ya Kenya hadi vumbi likatikisika kwenye mabati, na mtu aliyepita barabarani alidhani kuna ibada. Alasiri moja aliingia kwetu akiwa na fimbo, akamwambia Mwalimu darasa lake limekuwa kimya kama chumba cha wagonjwa.

"Waulize," alisema Mwalimu.

Mwalimu Mkuu akamnyooshea fimbo mtoto wa nyuma kabisa. "Mito inayoingia ziwani upande wetu!"

"Nzoia, Yala, Nyando, Sondu," alisema yule mtoto, na kwa mazoea akaongeza, "mkebe wa tatu."

Tulicheka mpaka Mwalimu Mkuu naye akalegeza mdomo. Lakini hakukubali. Alipotoka alisema, "Mama, mtihani hauji na mikebe." Na Mwalimu akamjibu kwa adabu, "Ndiyo, Mwalimu Mkuu. Ndiyo maana mikebe inabaki hapa."

Kukesha usiku wa kuamkia mtihani alikuchukia kuliko utoro. Alisema ni kumrundikia samaki kuni zote kwa siku moja: nje atakuwa mkaa, ndani mbichi. Aliwafukuza kwake wazazi waliokuja kuomba watoto wao wafundishwe kwa nguvu wiki ya mwisho. "Mlikuwa wapi samaki alipolegea?" aliwauliza.

Pamoja na hayo yote alikuwa msahaulifu wa ajabu. Mwavuli aliusahau kanisani, posta, dukani kwetu mara zisizohesabika; baba aliutundika kwenye msumari wake maalumu. Ugali wake uliungua. Wimbo namba yoyote kanisani aliimba ubeti wa kwanza kwa sauti kubwa, kuanzia wa pili akawa anasogeza midomo tu. Nilipomtania juu ya hilo alisema, "Sikuuweka mkebeni." Alisema hivyo hivyo juu ya matusi. Kuna mzazi aliyemtukana mbele yetu sote, maneno ambayo mimi nayakumbuka mpaka herufi. Mwezi uliofuata alimkaribisha chai. "Alisema nini?" aliniuliza kwa mshangao wa kweli. "Hilo sikuliweka."

Sasa nije kwa Adhiambo.

Adhiambo alitoka Nyalenda, kwenye vyumba vilivyobanana ambako watu walipanga foleni ya maji kabla hakujapambazuka. Mama yake aliuza mboga. Baba alikuwa amefariki. Alikuwa na mwanya, sketi iliyofupishwa mara nyingi, na kichwa ambacho, kwa hesabu ya mikebe, kilivuja kama kapu. Kadi zake zilipanda mkebe wa pili na kuanguka. Zilipanda tena, zikaanguka tena. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kengele alikaa na Mwalimu dirishani, magoti yakigusana, na kwa sababu alikuja bila kula, Mwalimu alimletea uji wa wimbi kwenye chupa iliyofungwa kwa kitambaa.

Mimi kadi zangu zilipanda bila kurudi nyuma. Kabla darasa la saba halijafika nusu, nyingi zilikuwa kwenye mkebe wa nne, na chache zilifika wa tano. Hakuna mwingine aliyefika huko. Mwalimu aliinua ile ya kwanza mbele ya darasa akasema, "Huyu hahitaji mtihani. Hii ni ya maisha." Darasa likanipigia makofi. Ndipo nilipogundua malipo ya kujua ni nini. Asubuhi Mwalimu alinisalimia kwa Kijaluo, "Wanjiru, oyawore," nikaitikia, akapita kwenda dirishani kwa Adhiambo. Hakuwa na la kuniuliza. Mkebe wangu ulikuwa umefungwa.

Nilianza kuwahi. Nilikuja na makatoni ambayo hayakuhitajika. Nilifagia darasa ambalo lilikwisha kufagiwa. Nilisimama karibu na dirisha nikimsikiliza Adhiambo akikosa Kampala.

"Mji mkuu wa Uganda," alisema Mwalimu.

"Entebe?"

"Kunywa uji. Fikiri. Jaribu tena."

Nilitaka kupiga kelele.

Halafu Jumamosi moja baba alinituma Nyalenda kwa mteja. Kwenye bomba la maji nilimkuta Adhiambo na mdogo wake, ndoo zikingoja zamu, na Adhiambo akimfundisha: Uganda, Kampala, Tanzania, Dar es Salaam, Ethiopia, Adis Ababa. Moja baada ya nyingine, kwa wimbo, bila kusita. Jana yake tu alikuwa amekosa zote tatu.

"Kumbe unajua!" nilisema.

Hakushtuka. "Nilijua leo. Jana nilisahau. Si ndiyo maana ya mikebe?"

"Unamdanganya Mwalimu."

"Wewe profesa," alisema, akiinua ndoo kichwani, "una baba, una duka, una mkebe wa tano. Unataka na uji wangu?"

Wanawake wa foleni wakacheka. Niliondoka nikiwa na masikio ya moto. Sikumwambia Mwalimu, si kwa uungwana, bali kwa sababu niliogopa angenijibu kwamba anajua.

Kuna wakati mmoja tu Mwalimu alikuja kwangu kila siku. Ulikuwa mwaka ule wa mtihani, mji ulipochafuka kwa siasa za Wajaluo na Wakikuyu na maduka ya watu wetu yakafungwa milango. Tulikaa ndani. Baba alisikiliza redio kwa sauti ya chini na mama alifunga nguo kwenye mabunda bila kusema tunakwenda wapi. Katika siku hizo, majirani waliozoea kutusalimia walipita upande wa pili wa barabara, wengine kwa chuki, wengi kwa hofu. Mwalimu alikuja mchana mweupe, mwavuli umefunguliwa ingawa hapakuwa na mvua, ili kila mtu amwone anakokwenda. Alibisha, akaingia, akakaa kwenye gunia la chumvi.

"Baba Wanjiru, mguu wa mama mzazi wako huko nyumbani umepona?"

Baba alimtazama kama aliyesemeshwa kwa lugha ya utotoni. Alikuwa amemtajia ule mguu mara moja, miezi mingi nyuma, akimrudishia mwavuli. "Umepona," alisema, na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza katika wiki ile.

Kisha alinigeukia mimi na kadi. Hakuleta mpya. Alileta zile zile za mkebe wa tano, zilizokuwa zimefungiwa mpaka masika, akaniuliza moja moja kana kwamba nilikuwa nimezikosa. Alirudi kesho yake. Na kesho yake. Mabunda ya mama yalikuwa mlangoni, baba alikuwa amekonda, nami nilikaa nikisikiliza hatua za Mwalimu, nikiomba hali isitulie haraka.

Ilitulia. Duka likafunguliwa. Mwalimu akaja baada ya siku ya soko, kisha mwisho wa mwezi, kisha akaacha kuja.

Tulifaulu wote wawili. Mimi nilipelekwa shule ya bweni mkoa wa kwetu, Adhiambo akapata nafasi hapo hapo Kisumu. Likizo ya kwanza nilikwenda kwa Mwalimu na sketi yangu mpya, nikamkuta Adhiambo jikoni akipepeta wimbi kama mtoto wa nyumba ile. Alisogeza pazia la maua kuchukua chumvi, na hapo ndipo nilipoiona ile mikebe mingine.

"Hujui?" alisema Adhiambo. "Hao ni watu."

Mwalimu hakuficha. Alinikalisha akanionyesha kadi moja, ya mjane wa nyumba ya pili. Mbele jina. Nyuma aliandika: *Muulize kikohozi cha mtoto. Usitaje Krismasi.* Alieleza kwamba watu nao husahaulika, na kwamba yeye, asiyeweza kukumbuka mwavuli wake, angempoteza kila aliyempenda kama asingejiwekea utaratibu. Wagonjwa, waliofiwa, waliojifungua, waliokaa mlangoni pa njaa, hao walikuwa wa kila siku. Mtu akipata nafuu alihamishwa. Mkebe wa tano ulikuwa wa waliosimama wenyewe. Kila mwaka, masika yakianza, aliutoa mezani, akaenda kwa kila aliyemo au kumwandikia.

Wapo waliompenda zaidi walipojua. Wapo waliochukia. Mama Atieno, muuza dagaa, alipopata habari alikuja na kapu lake mlangoni.

"Mwalimu, mimi ni mji mkuu wa Uganda?"

"Hapana, Mama Atieno."

"Hiyo salamu ya kadi mimi sitaki! Mtu anasalimia mtu na moyo."

"Moyo wangu una matundu," alisema Mwalimu. "Nikusalimie na kadi au nikusahau na moyo?"

Mama Atieno alitua kapu lake chini. "Kwanza niko mkebe gani?"

"Wa pili."

"Wa pili!" Alichukia upya. "Na nani yuko wa kwanza?"

Nilimwelewa Mama Atieno kuliko alivyojua. Nilimwuliza Mwalimu jina langu liko wapi. Alifungua mkebe wa tano, akanionyesha kadi yangu, upande wa mbele tu. Nilinyoosha mkono kuigeuza. Akaiondoa.

"Hiyo ni ya kwangu kujibu, nyathina. Siyo ya kwako."

Aliniita mwanawe kwa lugha yake na kunirudisha mkebeni kwa mkono ule ule.

Miaka iliyofuata ilikwenda kama utaratibu ulivyotaka. Nikiwa bweni nilipata barua mwanzo wa kila masika, fupi, zenye swali moja lililochaguliwa vizuri. Nilimaliza shule nikaajiriwa na gazeti moja Nairobi, nikajifunza kuuliza watu maswali kwa mshahara. Watu walinisifu kwa kumbukumbu. Kila niliposifiwa nilimfikiria Adhiambo, aliyebaki Kisumu, akawa mwalimu Nyalenda, akapanga mikebe dirishani. Wazazi huko walimwita Mwalimu wa Mikebe, na aliitika. Jumapili alimpeleka Mwalimu kanisani akimshikia mwavuli. Mwalimu alipostaafu na kuhamia Ahero, nje kidogo ya Kisumu, Adhiambo ndiye aliyebeba ile mikebe kwenye mapaja yake njia nzima. Alinisimulia haya kwenye barua, kwa ukarimu, na nilizisoma barua zile kama mtu anayesoma orodha ya vitu alivyoibiwa.

Mwishoni mwa miaka ya sabini gazeti lilinituma Ahero kuandika habari za mafuriko. Masika yalikuwa yameanza kwa hasira. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamekuwa ziwa la pili, na watu walihamisha kuku juu ya mapaa. Niliandika nilichotumwa kuandika, kisha nikauliza nyumba ya Mwalimu. Kila mtu aliijua. Ilikuwa kwenye mwinuko, na alikuwa barazani, mwembamba zaidi, miwani mizito, mkebe mmoja mbele yake mezani, kadi zimetandazwa.

"Wanjiru," alisema, kabla sijavuka dimbwi la uani. "Ulikuwa unangojea nini, mafuriko?"

Tulicheka. Alinikalisha. Mkebe ule ulikuwa wa tano. Alikuwa ndiyo ameanza kuupitia, mwaka wa mvua kubwa. Kadi nyingi zilikuwa na msalaba pembeni, alama ya waliokufa, lakini hakuwa amezitoa. Tulizungumza habari za baba, za duka, za bei ya mpunga. Alikumbuka mengi, akakosea machache. Alimwita mdogo wangu kwa jina la marehemu shangazi. Mwavuli sikuuona popote.

Sikuweza kuondoka bila kuuliza. Umri wangu ulikuwa umepita wa kuuliza swali kama hilo, na kazi yangu ilikuwa imenifundisha kuliuliza bila kupepesa.

"Mwalimu, kwa nini mimi sikuwahi kuwa wa kwanza?"

Alinitazama juu ya miwani. Alipekua kadi mpaka akaipata yangu, ya kahawia, kingo zimelainika, ingali na herufi mbili za kampuni ya sabuni pembeni. Akaishika mbele ya uso wake, jina upande wake. Akafumba macho. Midomo yake ilisogea kama kanisani kwenye ubeti wa pili. Hakutoa sauti yoyote.

Kisha akaigeuza, akasoma. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye bati hadi kwenye pipa, na jirani alikuwa akimwita mbuzi.

"Nimekosa," alisema.

Aliamka kwa shida, akaingia jikoni. Nilisikia mfuniko ukifunguka. Nilijua mlio wa mkebe ule; ulikuwa na kutu upande mmoja na ulilia kabla ya kuachia.

"Uko wa kwanza," alisema aliporudi. "Uje kesho."

Nilikuwa nimepangiwa kurudi Nairobi usiku huo. Nilipiga simu kutoka posta nikasema barabara ya Nairobi imekatika, jambo ambalo kwa sehemu lilikuwa kweli. Jioni nilimtafuta Adhiambo Nyalenda. Alikuwa amenenepa, ana wanafunzi wawili mlangoni wakingoja kuulizwa. Aliwaambia warudi asubuhi, akanipikia chai. Nilimsimulia yote, na nakiri nilimsimulia nikitazama uso wake.

Hakutabasamu. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka.

"Amekurudisha wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Mimi alinipeleka wa tano mwaka jana. Nilipopata hii kazi ya kudumu. Alisema nimesimama." Akaweka kijiko chini. "Sasa anakuja masika kwa masika. Nikienda mwenyewe ananipa chai kama mgeni."

Nilikuwa nimeusubiri wakati huo karibu miaka kumi, na ulipofika haukuwa na ladha niliyoitarajia.

"Alisema jibu kwa sauti?" aliuliza ghafla.

"Hapana. Midomo tu."

Adhiambo alinitazama, mwanya wake ukionekana kidogo. "Kwa sauti hakusema. Yule? Basi hajakosa. Amefanya kama mimi kwenye uji."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua Kampala."

"Siku nyingine nilijua. Siku nyingine njaa ilikuwa imeila. Mpaka sasa siwezi kukutenganishia." Akamimina chai nyingine. "Au na yeye hakuwa na kitu cha kusema, Wanjiru. Amezeeka. Mwezi uliopita aliniuliza jina la mtoto wangu mara mbili."

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua kidogo na nikafika Ahero mapema. Mlango ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na vikombe viwili, na kati yao kadi yangu, imelala jina juu. Mwalimu alikuwa jikoni. Nilimsikia akikoroga uji, na nikasikia harufu ya wimbi, ambayo kwa miaka miwili niliinusa kutoka ng'ambo ya darasa.

"Umefika?" aliita.

"Nimefika, Mwalimu."

"Kaa. Uji unakuja."

Nilikaa. Kadi ilikuwa karibu kuliko ilivyowahi kuwa. Niliweka kidole ukingoni mwake. Kisha, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa, nilijaribu kwanza kufikiri angekuwa ameandika nini nyuma ya jina langu, mwaka ule au mwaka wowote: aulize nini, asitaje nini. Midomo yangu ilisogea.

"Sikusikii!" alisema Mwalimu kutoka jikoni.

Kadi ilibaki pale pale, jina juu, na kidole changu juu yake.